Bundi Ukutani kwa Mzee Garama

Kila akitoka shule, Mbeyu alipitia kibandani kwa kaka yake Jaafar, mwandishi wa mabango ya maduka hapo Msambweni, akamsaidia kuosha brashi. Mtoto huyo alijaliwa mkono wa kuchora, ila subira hakuwa nayo hata chembe. Siku moja alibeba mabaki ya rangi, na njiani akauona ukuta wa Mzee Garama, mweupe pe, umetoka kupakwa chokaa. Mwenyewe alikuwa shambani. Mbeyu hakungoja kuomba ruhusa. Alichora bundi mkubwa wa macho ya manjano, akaenda zake akitabasamu.

Loo, ndege wote hao, akamchagua bundi! Kwetu bundi hutajwa pamoja na uchawi, na mzee mwenye mvi anayeishi peke yake hakawii kusingiziwa.

Kesho yake alasiri, jirani aitwaye Swabir, ambaye mwanawe alikuwa hoi kwa homa, aliiona ile picha. Akapaza sauti kwamba kuna mtu amewaonyesha mchawi anayewamalizia watoto. Mara ua ukajaa watu wenye mawe na mapanga. Walivunja mlango, wakamkokota Mzee Garama nje. Jiwe likampasua kipaji cha uso, damu ikamjaa machoni. Kijana mmoja alikuwa akimwagia mafuta ya taa paa la makuti.

Mbeyu na Jaafar walifika mbio. Jaafar alimshika dada yake mkono, akamnong'oneza anyamaze, wasije wakamgeukia yeye. Mbeyu aliogopa mno. Kisha akamwona Swabir akiinua panga, akajichomoa.

"Mimi ndiye niliyemchora huyo bundi!"

Walimwita mwongo, wakamsukuma akaanguka. Akaokota kipande cha mkaa penye mafiga, akaanza kuchora bundi mwingine kando ya yule wa kwanza. Jiwe likampiga begani, naye akaendelea huku akilia. Macho yakawa yaleyale, mdomo uleule. Kelele zikafifia. Panga likamdondoka Swabir, na watu wakaanza kuondoka bila kutazamana.

Polisi walimkamata Swabir na wenzake jioni hiyo. Mwanawe alipelekwa hospitali, akapimwa, akakutwa na malaria, akatibiwa.

Baadaye Mbeyu na mama yake walikwenda kuomba radhi. Mzee Garama, kichwa kikiwa kimefungwa bendeji, aliitikia shikamoo zao, kisha akamwita mtoto karibu.

"Mkono wako mzuri, mjukuu wangu, lakini ukuta una mwenyewe. Wewe hukuniomba, na wao hawakuniuliza, nikapasuliwa kichwa mimi. Hilo nimekusamehe. Ila ulikumbuke bega lako: kusema kweli kumekuumiza hapo. Ungenyamaza, leo mngekuja kunizika."