Dubu Ambaye Tumbo Lake Halikupasuliwa

Sogeeni karibu na jiko, wajukuu zangu. Wewe unayevunja karanga, weka chini. Nyamazeni kabisa, maana huyu ninayetaka kumtaja huitika.

Sufuria ya mafuta iligoma kuganda. Delphia aliikoroga tena, mafuta ya dubu kwa nta ya nyuki, kama alivyofundishwa na mama mkwe. Yakabaki majimaji, yananuka tumbaku ya kiko. Na nyumba ile haikuwa na mvuta kiko.

“Orville,” alimwita mumewe, “huyu dubu ulimpasua tumbo ukaona alichokula?”

“Tumbo la nini, mke wangu? Mashindano ya shabaha ni kesho, gobore halina mafuta. Tumbo nimelitupa korongoni.”

“Mama yako alikataza! Angalia tumbo kwanza, ndipo uyeyushe.”

“Mama alimwogopa hata jogoo, Mungu amrehemu. Lete hapa.”

Akalipaka gobore mtutu wote, ndani na nje, akalitundika ukutani. Wakiwa wanakula mkate wa mahindi, mdeki, ile fimbo ya kushindilia risasi, ukaanza kugonga wenyewe mtutuni. Tok. Tok. Kama mtu anayepakia.

“Panya,” Orville alinong’ona.

Asubuhi akaja mdogo wake, Hobart, akasimama mlangoni anacheka. “Kaka, hiyo ni bunduki au kikaango? Mbona inachuruzika?”

“Cheka tu, leo utashindwa,” Orville akasema, akalishusha gobore. “Wala sijatia baruti.”

Likalia. Sikio la Hobart likaruka, na kwenye mwimo wa mlango nyuma yake likakwama jino la mtu.

“Mkimbilie bibi Zettie!” Delphia alipiga kelele, na Hobart akavuka kijito damu ikimwagika. Orville akataka kulitupa gobore lakini mafuta yalimng’ang’ania kama gundi, mdeki ukachomoka ukamtoboa kiganja ukatokea upande wa pili, akaanguka kwa magoti, na mtutu ukapanda taratibu tumboni, kifuani, hadi chini ya kidevu chake, huku Delphia akiuvuta kwa mikono miwili na meno na kuhisi upande wa pili kuna mtu anayevuta kwa nguvu kuliko yeye.

“Usimwachie, binti yangu!” Ni Zettie, mganga wa bonde lile, birika la maji ya moto mkononi. Akainamia mtutu. “Nani humo?”

“Lemuel,” mtutu ukajibu kwa sauti ya fundi wa masufuria aliyepotea mlimani tangu vuli. “Nimeliwa. Sasa ninapakwa kwenye chuma. Nina baridi.”

“Tutakuzika, baba. Mwache mume wa watu.”

“Kwanza nipate fungu langu.”

Zettie hakubishana. Alimimina maji, sabuni na siki, mtutu ukapiga yowe, ukatapika maji meusi, halafu mekundu. Delphia akavuta. Mume alinasuka, lakini vidole vyake vitatu vilibaki mtutuni.

Walimzika Lemuel mchana uleule: yale maji, matambara, mafuta, jino, na vidole vile vilivyochomolewa mtutuni, maana alidai ni fungu lake.

Orville alipokufa uzeeni, shamba alirithi Hobart. Kalibu, kile chombo cha kumiminia risasi, alirithi binti wa Orville. Delphia alirithi nyumba na ule mwimo wenye tundu la jino. Gobore alirithi Lemuel. Walilifukia kaburini mwake, mdomo wa mtutu ukitazama chini, asije akawalenga walio hai.