Mluzi Juu ya Sitaha

Gati la Warnemünde, pwani ya Ujerumani, lilifurika watu siku ile ya tamasha la meli za matanga. Gesine, mwalimu wa chekechea aliyetoka Erfurt kwa treni ya alfajiri, alikuwa akipenya na koti lake jipya la njano mtu akamkanyaga mguu. Kuinua macho, ni Eike.

"Na wewe umekuja?"

"Tiketi nilishalipia," Eike alijibu.

Walizikata mbili za kusafiri na meli moja wakati wa baridi, kabla ya kuachana, na kila mmoja alijiaminisha kwamba mwenzake ataona haya kuja. Lakini Mjerumani gani ataiacha tiketi iliyolipiwa ipotee bure?

Nahodha, mama wa makamo, aliwapokea sitahani kwa amri. "Hapa kila abiria anavuta kamba! Na marufuku kupiga mluzi. Mluzi huita dhoruba."

Hapo wawili wale walikwepana macho. Kama familia nyingi za kwao, walikuwa na mluzi wao, sauti tatu, wa kutafutana penye msongamano.

Wakapangwa kamba moja. Eike alikuwa mbele, na ile sweta ya buluu aliyofumiwa na Gesine. Kiwiko kilikuwa kimetoboka.

"Umeshindwa hata kuziba kiwiko?"

"Fundi wangu kanifungia simu."

"Vuta kamba, acha domo."

"Gesine, kile chumba nilichokuwa natafuta kwa simu, kule Basel, kilikuwa cha kaka yangu. Mkewe alimfukuza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Ulifunga mlango, ukafunga na simu!"

Gesine alisikia uso unawaka. Kumbe alisikia "chumba cha mtu mmoja" mlangoni, akadhani Eike anahama peke yake, akafungasha jioni ileile. Alitaka kuomba radhi, kiburi kikamtangulia.

"Treni yangu ni saa kumi na mbili," alisema.

"Haya," Eike akajibu, akavuta kamba hadi meli iliporudi gatini.

Aliteremka wa kwanza, umati ukammeza. Gesine alikwama nyuma ya wazee wawili na mbwa wao. Akatoa simu, akakumbuka kwamba namba ile alishaifuta kabisa. Alimpenda mtu huyu, na sasa anampoteza mara ya pili. Akatia vidole mdomoni.

Sauti tatu.

"Nani huyo?" nahodha alifoka. Sitaha nzima iligeuka.

Gesine akapiga tena, machozi yakimlenga. Ndipo, kutoka penye majiko ya samaki wa moshi, mluzi ukajibu.

Eike alirudi akipigana vikumbo, mikate miwili ya samaki ameiinua juu ya kichwa. "Nilikuwa nakununulia chakula cha treni!"

"Treni gani?"

"Dhoruba ikija," nahodha alionya, "nawatafuta ninyi wawili."

"Utatukuta nyumbani," Gesine akamjibu, kisha akamshika Eike mkono. "Vua hiyo sweta."

"Mbele za watu, mpenzi?"

"Mbele za watu. Nizibe hicho kiwiko."