Majina Sitini ya Benchi Moja

Kila siku baada ya shule, Aksanti alivaa barakoa, akamshika mkono bibi yake, Koko Honorine, wakapanda kilima cha mtaa wao huko ughaibuni, Quakers Hill. Daktari alikuwa amesisitiza kwamba Koko atembee kila siku, la sivyo presha itamsumbua. Katikati ya kilima palikuwa na benchi, na hapo Koko alipumzika huku akiwasengenya majirani kidogo. Lakini Januari ya mwaka 2022 tawi la mti liliangukia benchi likalivunja, na mabaki yakaondolewa. Tangu siku hiyo Koko akagoma kutoka.

"Miye siwezi kukaa chini kama mbuzi," alisema. Miguu yake ikaanza kuvimba, na Aksanti akaingiwa na hofu.

Jirani yao, Anti Zilpah, muuguzi kutoka Kenya, alimweleza kwamba mabenchi ni kazi ya baraza la jiji.

"Kwetu tungemwendea mwakilishi wa wadi kwenye kaunti. Hapa jiji lina wadi tano. Kila wadi inachagua madiwani watatu, na hao kumi na watano ndio wanaomchagua meya. Si unakumbuka Desemba nilivyopanga foleni kupiga kura? Basi, kusanya majina ya watu wa mtaa, uwaandikie."

Aksanti alipata majina tisa. Tisa tu! Akawakumbuka waumini wenzao wanaoishi Minto, mbali kabisa, chini ya baraza jingine. Aliwapigia simu, nao wakakubali mara moja, maana nani angemnyima Koko jina lake? Akaongeza majina hamsini na moja, na kila jina akalibandikia namba ya nyumba ya mtaa wake mwenyewe. Kisha akatuma barua, akalala usingizi mtamu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu alasiri mlango uligongwa. Nje alisimama mama mmoja mwenye koti la njano, na mfuko wa barua begani.

"Mimi ni Marisol, diwani wenu."

Aksanti alichungulia nyuma yake akitafuta gari jeusi na walinzi. Aliona pikipiki ya barua tu.

"Diwani anapeleka barua?"

"Mwenzangu mmoja anauza dawa, mwingine ni mwalimu mstaafu. Sisi ni watu wa kawaida." Akafungua karatasi. "Nataka kulisoma ombi lako barazani. Hebu nisaidie, namba hamsini na nane iko wapi? Nimeleta barua hapa miaka minane, na nyumba ya mwisho ni thelathini na nne."

Aksanti alitamani ardhi impasukie. Angeweza kusema kalamu iliteleza, lakini Koko alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nimezitunga," alisema, machozi yakimlengalenga. "Watu wenyewe wapo, ila wanaishi Minto. Niliogopa kwamba tisa ni wachache."

"Kumbe ulidanganya kwa ajili yangu?" Koko aliuliza kwa uchungu.

Bi. Marisol alikunja karatasi. "Hii siwezi kuipeleka. Baraza linakutana Jumatano. Una jioni mbili."

Koko alichukua fimbo yake bila kuambiwa. Walipita nyumba kwa nyumba, wakisimama mbali kidogo na kila mlango kwa ajili ya korona. Koko alihema kweli kweli, na majirani wakajionea kwa macho yao haja ya benchi. Walirudi na majina ishirini na saba.

Jumatano baraza lilikutana kwa njia ya kompyuta. Aksanti alisoma ombi lake. Madiwani waliuliza maswali, kisha wakainua mikono mmoja mmoja. Ombi likapita! Koko alipiga kigelegele hadi Anti Zilpah akaja mbio.

Wiki sita baadaye benchi jipya likawekwa. Bi. Marisol alisimamisha pikipiki, akaketi kando ya Aksanti.

"Nikisema barazani, mnaosema ni ninyi," alimwambia. "Ningesoma yale sitini, mtaa mzima ungekuwa umedanganya kwa kinywa changu. Na unajua nini, mwanangu? Ungeniletea yale tisa peke yake, ningeyapeleka."