Mnyororo wa Mita Tatu

Mnyororo wa mbwa ulikuwa kwenye mguu wa mama yangu!

Jamani, sitanii. Mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, amekaa kwenye mkeka uani kwa kaka. Kifundo cha mguu kimezungushiwa kitambaa, na juu ya kitambaa... mnyororo! Ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

Mkoba ukanidondoka.

"Wifi!! Njoo hapa! Mmefanya nini?"

Mke wa kaka akatoka jikoni anajifuta mikono. Hakushtuka hata kidogo.

"Usipige kelele, wifi. Ndiyo kwanza ametulia."

Subirini niwarudishe nyuma, maana msiponijua mtanionea huruma bure.

Mimi ni mkaguzi wa manispaa. Huku kwetu kuna sheria ndogo ya mbwa. Mbwa asifungwe nje zaidi ya masaa manne kwa siku. Mnyororo usipungue mita tatu. Kivuli kiwepo, na maji. Anayepita nyumba kwa nyumba na tepu ya kupimia ni mimi. Mtaani wananiita Bibi Futi. Majina mengine siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma.

Na nilikuwa mkali! Mtu mzima analia mbele yangu, mimi naandika notisi.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, zamu ilifika kwa kaka yangu. Mbwa wake alikuwa anafungwa getini kutwa nzima, mnyororo hauzidi urefu wa mkono. Ua ule una wapangaji sita, kwa hiyo geti halifungwi mchana, na mnyororo ukirefushwa mbwa anawafikia watoto wa watu.

Wifi alinivuta pembeni.

"Wifi yangu, unajua mama kumbukumbu zimemtoka. Akisogea getini mbwa anabweka, nami natoka mbio kumrudisha. Ukimchukua huyu, mama tutamwokota barabarani."

Nikamjibu kwa sauti, wapangaji wote wasikie:

"Sheria ni msumeno!"

Mbwa akapakiwa kwenye gari la manispaa. Mpangaji mmoja alirekodi, video ikasambaa. Watu wakanimwagia sifa, eti huyu dada kazini hajui ndugu! Nilikuwa nasoma maoni hata nikiwa napiga mswaki.

Haya, turudi uani.

Kaka akaingia. Nikamvaa mzimamzima.

"Nakupeleka polisi! Mama si mbwa!"

Akaninyooshea mkono.

"Una tepu?"

"Nini?"

"Toa tepu, mdogo wangu. Pima. Mita tatu kamili. Kivuli hicho. Maji yale pale kwenye kikombe. Masaa manne hatuzidishi, wifi yako anaangalia saa. Niambie ni wapi nimevunja sheria yako."

Sikupima. Kwa kazi yangu, mita tatu naijua kwa macho.

"Juzi lori limefunga breki hatua moja kutoka kwa mama," akaendelea. "Mara ya nne hiyo anatoka barabarani tangu umchukue mbwa. Kama unaona vibaya, una vyumba vitatu. Mchukue."

Mama ndiye aliyeongea. Aliinua uso, akanitabasamia.

"Karibu mgeni. Mwanangu anakuja sasa hivi kunifungua. Kazi yake ni hiyo, anafungua mbwa."

Nililia mbele ya wapangaji wote.

Siku hiyohiyo nikamchukua. Mnyororo nikautupa jalalani, nikajirekodi nikiutupa, nikaandika: MAMA HAFUNGWI! Maoni yakamiminika kuliko ya mbwa. Wengi wenu mliandika pia.

Sasa sikilizeni ambayo sikuyaposti.

Naishi ghorofa ya pili, peke yangu. Siku ya kwanza mama aliimba, tukacheka. Siku ya pili alifungulia gesi. Siku ya tatu dada wa kazi niliyemweka amwangalie akafungasha.

"Dada, mimi basi. Amenitemea mate machoni."

Siku ya sita nilimfungia mlango nikaenda kazini. Jirani akanipigia simu, mama ametoa mguu mmoja nje ya dirisha anaita mbwa! Nikatoka kazini, nikakimbia. Kesho yake nikabaki nyumbani. Keshokutwa pia. Bosi akapiga, kwa upole.

"Kesho usipofika, usije tena."

Mtasema si ungemrudisha kwa kaka? Baada ya ile video? Watu wangesemaje!

Siku ya tisa, kabla ya kwenda kazini, nikamwachia jirani mama kwa nusu saa, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ananijua, nilishamwandikia notisi mara mbili.

"Bibi Futi! Leo kulikoni?"

"Nataka mnyororo."

"Wa mbwa? Umefuga?"

"Nimefuga."

"Mkubwa?"

"Mzee. Hana nguvu."

"Basi chukua huu mwembamba. Nikate ngapi?"

"Mita tatu."

Akacheka, eti angalau sheria yangu naifuata mwenyewe.

Funzo mnalitaka? Anayelala na mgonjwa ndiye anayejua usiku una urefu gani. Wewe unayekwenda Jumapili na mfuko wa matunda, ukapiga picha, ukaondoka, funga mdomo. Kama unaweza kukaa naye siku kumi, kakae, ndipo uje utufundishe huruma. Mimi niliwahurumia mbwa wa mji mzima, nikamhukumu kaka yangu, na kumwomba radhi mpaka leo sijaweza.

Kaka hupiga simu kila mchana, nikiwa nimerudi kumlisha mama. Namwambia mama atulize mguu kwanza, mnyororo usilie, ndipo napokea.