Mkebe wa Nyuma ya Boriti

Misumeno ya kiwanda cha mbao ilizimwa Jumatano saa nne na robo asubuhi, na haikuwa kwa sababu ya stima kupotea. Wafanyakazi walikuwa wamesikia kilio. Kilitoka kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba ya mzee Sitati, pembezoni mwa Elburgon, na waliokisikia walisema baadaye kwamba hawakujua mwanamke mzima anaweza kulia namna ile.

Kufikia saa tano unusu, Sajini Chepkemboi alikuwa amechuchumaa kwenye sakafu ya simiti ya bafu hilo. Kulikuwa na leso iliyolowa maji, ndoo tatu tupu, na mkebe mdogo wenye picha ya ng'ombe kwenye kifuniko. Ndani ya mkebe mlikuwa na mafuta meupe, laini, yenye alama ya kidole kimoja.

"Mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe," alisema Koplo Odero, akichungulia juu ya bega lake. "Bafuni. Ama huyu mama alikuwa anajikamua?"

"Odero."

"Pole, madam."

Aliyeumia ni Nasimiyu, mke wa Sitati, umri miaka hamsini na sita. Mtaani waliomjua walimwita Mama Khaemba. Alikuwa ameshakimbizwa hospitali Nakuru, akiwa ameungua mahali ambapo hakuna jirani aliyetaka kupataja.

Nyumbani alibaki Fancy, mke wa Khaemba, kifungua mimba wa nyumba hiyo aliyekuwa akifanya kazi Naivasha. Fancy alikuwa amesimama uani, sketi yake ikichuruzika maji.

"Wewe ndiye ulifika kwanza?" Sajini aliuliza.

"Ndiyo, afande. Nilimpata amejikunja hapo chini. Nikamwagia maji. Ndoo baada ya ndoo."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa hivi. Mzee alisema tumpake maziwa. Jirani akaleta siagi. Nikawakataza."

"Ulifanya vizuri."

Fancy alikamua upindo wa sketi. Meno yake yalikuwa yakigongana kwa baridi, na Sajini aliandika jina lake akaenda zake.

Saa tisa alasiri alikuwa Nakuru, kando ya kitanda cha Nasimiyu. Pazia lilikuwa limevutwa. Mama yule alingoja mpaka mlango ukafungwa ndipo akazungumza, tena kwa sauti ambayo Sajini alilazimika kuinama ili aisikie.

"Si mafuta ya ng'ombe, afande. Ni dawa yangu. Tangu hedhi ikome, mwili ulikauka huko chini. Kukaa kunawasha, kukojoa kunachoma, na mzee akinikaribia ni kama wembe. Nilidhani nimerogwa. Nesi Rahab akaniambia si uchawi, ni homoni ya kike imepungua, inaitwa estrojeni, na iko krimu ya kupaka. Mara mbili kwa wiki, basi. Ilinisaidia. Miezi minne nimekuwa mtu, ingawa mzee bado sijathubutu kumkaribia."

"Sasa mkebe wa ng'ombe?"

"Tyubu ina maandishi. Mzee akiona atauliza. Nikaikamulia kwa mkebe uliokwisha wa mafuta ya kukamulia, nikauficha kwa banda la ng'ombe, nyuma ya boriti. Nani ataangalia mafuta ya ng'ombe? Nesi alisema nipake usiku, lakini usiku mzee yuko chumbani. Napaka Jumapili wakiwa kanisani, na Jumatano nikiwa peke yangu."

Sajini Chepkemboi alihisi mkono wake ukikaza kamba ya mkoba. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ndani ya mkoba huo, chini ya pingu na kitambaa, kulikuwa na tyubu kama ile, kutoka kwa Rahab yule yule. Alikuwa ameipaka jana. Tangu asubuhi alikuwa amesikia mwasho kidogo, akaupuuza. Sasa hakuweza kuupuuza.

"Nani alijua mahali ulipoificha?"

"Hakuna. Mungu peke yake." Nasimiyu alishika mkono wa askari. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa imefungwa bandeji. "Daktari anasema maji yaliniokoa, nimeungua juu juu. Ijumaa natoka. Nirudi kwa nani, afande? Mtu aliyeweka hiyo kitu ananingojea. Atanipikia chai, na nitainywa?"

Sajini alitazama saa yake. Ilikuwa imebaki siku moja na nusu kufikia Ijumaa.

Alhamisi saa moja asubuhi, kabla Sajini hajavua koti, Odero alikuwa ameshamweka Sitati selo.

"Kesi imekwisha, madam. Jirani alimsikia Jumapili akimfokea mkewe, 'Wewe una mtu!' Mwaka mmoja na nusu mama amemnyima. Mwanaume wa kiwanda cha mbao, dawa za kila aina anazijua. Unataka nini kingine?"

"Nataka kujua ni nini kilichokuwa kwenye mkebe."

Hakumwambia kwamba alitaka pia kujua kilichokuwa kwenye mkoba wake. Kama sumu ilitoka kwa Rahab, basi ilikuwa imeingia nyumba ngapi? Alitembea hadi kwenye kliniki ndogo ya Rahab huku kila hatua akijisikiliza mwili, kama mtu anayesikiliza mwizi darini.

Nesi Rahab alikuwa mwanamke mnene, mpole, na macho yake yalikuwa mekundu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Tangu jana wamenirudishia tyubu tisa," alisema. "Mmoja amenitupia usoni. Afande, umekuja kunikamata?"

"Bado. Pima hii kwanza." Sajini aliweka tyubu yake mezani.

Rahab aliitazama, akamtazama Sajini, akaelewa. Alichukua kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye vidoa vya rangi, kimoja cha kuonyesha asidi au magadi, akachanganya krimu kidogo na maji safi, akachovya. Walingoja. Sajini alihesabu mpaka sitini, na katika sekunde hizo alimwona mama yule amejikunja kwenye simiti, kisha akajiona yeye.

Kidoa hakikugeuka.

"Iko sawa," alisema Rahab. "Ni krimu tu. Mwasho wako ni wa kawaida, wiki za kwanza. Sasa lete mkebe."

Kijiti cha pili kilipoguswa na mafuta ya mkebe, kidoa kiligeuka samawati nzito, kupita rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye chupa ya vijiti.

"Magadi makali," Rahab alisema polepole. "Kitu cha kuyeyusha ngozi. Kimechanganywa na krimu, ndiyo maana hakikumaliza kabisa. Na aliyemwosha ana akili. Watu hapa ukiungua wanakupaka siagi, na kwa kitu kama hiki siagi ingekuwa balaa. Kumwosha mtu kwa maji nusu saa, hiyo sisi tulifundishwa darasani."

Sajini alisimama na kijiti mkononi. Kisha aliuliza, "Ama husomwa kwenye chupa ya dawa yenyewe?"

"Kama chupa imeandikwa, ndiyo."

Saa tano alimtoa Sitati selo, akamketisha kwenye benchi. Mzee alikuwa bila mshipi, ameshika suruali kwa mkono mmoja.

"Mzee, ulijua mama anatumia dawa?"

"Dawa gani? Afande, mimi nilidhani amenichoka. Nikimgusa anashtuka. Nikasema, basi kuna kijana. Niambie tu, ataishi?"

"Ataishi. Mafuta ya kukamulia mnaweka wapi?"

"Kwa dirisha la banda. Muulize Fancy, yeye ndiye hukamua. Mimi mgongo hauniruhusu kuinama kwa ng'ombe."

"Na hapo bandani kuna kitu cha kuchoma ngozi?"

Sitati alifikiri. "Kuna dawa ya kuchomea pembe za ndama. Nyeupe, nzito kama dawa ya meno. Ilikuwepo. Wiki jana nilimpaka ndama pembe moja, akanipiga teke, nikasema nitamalizia kesho. Kesho yake chupa haikuwepo."

"Uliripoti?"

"Chupa ya ndama nikaripoti polisi?" Kwa mara ya kwanza mzee alikaribia kucheka, kisha uso ukasawijika. "Nilikuwa na mambo mengi. Jumamosi wazee wa Ndabibi wanakuja kumchukua ng'ombe wetu wa maziwa. Ni mahari ya Trizah, mke wa Quincy, kitinda mimba wetu. Ameolewa mwezi wa nne."

"Na Fancy? Mahari yake mlipeleka nini?"

Sitati alitazama miguu yake isiyo na viatu. "Fancy walikuja tu na Khaemba wakakaa. Kwao ni Keringet. Tumesema tutaenda. Miaka sita tunasema."

Alasiri hiyo Sajini aliingia bandani peke yake. Ndama alimgeukia, upande mmoja wa kichwa ukiwa na kovu bapa, upande wa pili pembe ikichomoza. Dirishani kulikuwa na mkebe wa picha ya ng'ombe, mafuta yakiwa yamebaki ukingoni tu. Aliinua mkono nyuma ya boriti, akapapasa. Mahali palipokuwa pamekaa mkebe wa pili palikuwa na duara safi katikati ya vumbi. Mtu asiyejua siri ya Nasimiyu angeona kitu kimoja tu pale: mafuta ya ng'ombe ya akiba.

Ijumaa saa tisa alasiri gari la polisi lilisimama uani kwa Sitati. Odero alikuwa kwenye usukani na Sitati kando yake, bado bila mshipi. Nyuma, kando ya Sajini, Nasimiyu alikuwa amejibana mlangoni, mbali kabisa na kisogo cha mumewe tangu walipotoka Nakuru.

Fancy alitoka jikoni akipangusa mikono. "Karibu nyumbani, mama. Chai iko."

"Sishuki," alisema Nasimiyu.

"Mama Khaemba," alisema Odero, "mzee tunaye hapa, hawezi—"

"Sishuki! Mpaka nijue ni nani. Nirudisheni hospitali. Nitalala kwa sakafu."

Sajini Chepkemboi alishuka, akasimama kati ya gari na Fancy.

"Fancy, Jumatano ulimwosha mama kwa maji nusu saa. Mzee alitaka maziwa, ukakataa. Siagi ikaletwa, ukakataa. Ulijuaje?"

"Si moto huzimwa na maji?"

"Hukuona moto. Ulimwona mtu analia na mkebe wa mafuta. Wakati huo hata daktari hakujua ni nini. Lakini chupa ya dawa ya pembe imeandikwa: ikikugusa, jioshe kwa maji mengi kwa nusu saa. Nimeisoma jana dukani. Wewe uliisoma lini?"

Fancy alirudi hatua moja nyuma.

"Mama, nisikilize," Sajini aliendelea, sasa akimwambia aliye ndani ya gari. "Hakuna aliyejua dawa yako iko kwenye ule mkebe. Wewe mwenyewe uliniambia. Basi aliyetia sumu hakuitia kwenye dawa yako. Aliitia kwenye mafuta ya ng'ombe. Alimtaka ng'ombe."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya gari. Fancy aliketi chini pale pale, kwenye matope.

"Ilikuwa iwe leo jioni," alisema. "Mkebe wa dirishani umekwisha. Ningefungua huo wa nyuma, nimpake ng'ombe kwa kijiti. Kesho matiti yake yangekuwa yamevimba, wazee wangemkataa, tungesema ni duka limetuuzia mafuta mabaya. Mama, nimemkamua huyo ng'ombe miaka sita! Saa kumi na moja kila siku, baridi, mvua. Kwetu hakujafika hata mbuzi. Baba amezikwa bila kuonja hata sukari yenu. Trizah amekuja jana tu, na anapewa jasho langu?"

"Na mimi?" aliuliza Nasimiyu kupitia dirishani.

"Wewe sikukujua, mama. Naapa. Nilipoona mkebe hapo bafuni nilitaka kufa."

"Lakini ulijua ni mkono wako. Ukamwacha mzee alale selo. Ukaniacha nilale nikidhani mume wangu anataka kuniua."

"Niliogopa."

"Nami niliogopa, Fancy."

Odero alitoka, akamwinua Fancy kwa mkono bila kumvuta. Sajini alifungua daftari juu ya boneti, kwa maana maelezo ya mlalamikaji yalipaswa kuandikwa na kusainiwa kabla ya saa kumi na mbili, ndipo Sitati aachiliwe rasmi. Aliandika tarehe, mahali, saa. Kisha akasoma kwa sauti: "Nikajipaka dawa niliyoandikiwa, nikaungua sehemu..."

Alisita. Sitati alikuwa ameshuka na kusimama hatua mbili kando, kichwa chini, akisikia.

"Andika uke wangu," alisema Nasimiyu. "Na uandike dawa ilikuwa ya nini. Ya kunitoa ukavu na maumivu, ili niweze kukaa na mume wangu. Andika yote. Mzee asikie kutoka kwangu, si kwa wauza mbao."

Sajini aliandika yote. Sitati alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Ilikuwa inauma?" aliuliza mwishowe. "Muda huo wote?"

"Muda huo wote."

Alisogea, akamfungulia mlango wa gari. Nasimiyu alitazama mkono ule kwa muda mrefu kabla ya kuteremsha mguu mmoja, kisha wa pili. Hakuushika mkono wa mumewe, lakini alipoanza kutembea kuelekea nyumbani alimwacha atembee kando yake. Nyuma yao Fancy aliingizwa garini, akaketi mahali pale pale alipotoka mama mkwe wake, kiti kikiwa bado na joto.