Barafu ya Sanduku la Bluu

Kila siku ya mkoba, mama yake Anitha aliondoka nyumbani kabla chai haijapoa. Siku ya mkoba ni ile ambayo wauguzi hufunga safari asubuhi kwenda vijiji vya mbali, wakapima watoto uzito, wakawachanja, na kurudi jioni. Mama huyo, Nesi Generosa, alikuwa na siku tatu kama hizo kwa wiki. Leo alipanda milimani, keshokutwa akashuka ziwani.

"Wali uko kwenye hotipoti," alisema mlangoni. "Funga geti, na usimfungulie mtu."

Anitha alifunga geti. Alikuwa na miaka kumi na miwili, shule zilikuwa zimefungwa, na nyumba ilikuwa kimya. Walikuwa wamehamia Kondoa mwezi wa nne tu, mama alipopata uhamisho. Kule Kongwa aliwaacha bibi yake, binamu wanne na rafiki aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Hapa Kondoa alimfahamu muuza duka na mbuzi wa jirani. Mchana redio ilikuwa ikizungumza, na mtangazaji aliposema, "Hamjambo wasikilizaji," Anitha alijibu, "Hatujambo," kisha akaona haya ingawa hakuna aliyemsikia.

Siku moja tu katika likizo ile ilikuwa tofauti. Mama alimchukua kwenda Isambwe, kijiji kidogo kando ya ziwa, na huko akakutana na Violeth. Violeth alikuwa wa umri wake, lakini alikuwa amembeba mgongoni mdogo wake Filipo, kwa kuwa mama yao alikuwa anaugua mguu. Alikuwa ameshuka kutoka kijiji cha juu mlimani, mwendo wa saa mbili. Walicheza kombolela hadi gari lilipowashwa.

"Eti kweli mjini kuna maji yanayokuwa mawe?" Violeth alimuuliza walipoagana.

"Barafu? Ipo. Nitakuletea uishike," Anitha alijibu bila kufikiri.

Wiki nne alizihesabu moja moja. Ilipofika siku ya kurudi Isambwe, alimsihi mama hadi mama akachoka na kukubali.

Waliondoka saa moja, Anko Batholomeo, dereva wa kituo, akiendesha. Magotini mwa Anitha lilikaa sanduku la bluu la kubebea chanjo. Ndani yake chupa ndogo za chanjo zilizungukwa na pakiti nne bapa za barafu, pamoja na kipimajoto.

Walipofika, akina mama walikuwa wamejaa tayari kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Mizani ilining'inizwa, na watoto wakaanza kulia kwa zamu. Mama aliliweka sanduku chumba cha ndani, penye kivuli.

"Tunaanza na uzito, chanjo baadaye," alimwambia Anitha. "Wewe kaa hapa ulilinde. Usilifungue, na mtu asiliguse. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Alielewa vizuri sana. Lakini haikupita robo saa, Violeth akachungulia dirishani, Filipo mgongoni, akitabasamu.

"Umekuja! Umeniletea yale mawe ya maji?"

Anitha alikuwa na maneno mengi ya kusema. Angeweza kusema kwamba barafu ingeyeyuka njiani, na hilo lingekuwa kweli. Lakini wiki nne alikuwa akimngoja mtu huyu mmoja, na akaogopa kumwona akigeuka na kwenda zake. Alifungua sanduku, akachomoa pakiti mbili, akarudisha kifuniko haraka haraka bila kukibana, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wakashuka hadi ufukweni. Violeth aliishika pakiti moja, akapiga kelele, akaiachia, akaiokota tena. Alimgusisha Filipo shavuni, Filipo akakunja uso, nao wakacheka hadi wakakaa chini. Anitha hakuwa amecheka hivyo tangu Kongwa. Wakaziacha pakiti juu ya jiwe wakaenda kukimbizana na bata maji, na jua likafanya kazi yake.

Waliposikia watu wakiitwa kuja kwenye chanjo, pakiti zote mbili zilikuwa maji matupu. Anitha alirudi mbio. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Alizirudisha pakiti, akakibana, akasimama pembeni. Kwa nje sanduku lilionekana kama lilivyoachwa.

Mama aliingia akiifuta mikono, akalibeba hadi mezani barazani. Anitha akamfuata. Mama alifungua daftari, akaita jina la kwanza.

"Filipo. Miezi tisa, chanjo ya surua."

Violeth alisogea na kumfungua mdogo wake mgongoni. Alimkonyeza Anitha, kama marafiki wanavyofanya.

Anitha akinyamaza, Violeth atabaki rafiki yake, na mwezi ujao watacheza tena. Akisema, mama hatamchukua tena, na Violeth atajua kwamba ni yeye aliyeharibu. Naye Anitha atarudi kwenye redio yake. Mkono wa mama ukagusa kifuniko. Filipo alikuwa anaangalia kwa macho makubwa, hajui lolote.

"Mama, usimchome!"

Baraza zima likageuka. Anitha alianza kulia, lakini alisema yote: pakiti mbili, kifuniko, ufukweni, muda waliokaa.

Mama hakupaza sauti. Alifungua sanduku, akatazama kipimajoto, akafunga tena. "Joto limepita kiwango," alisema polepole. "Batholomeo, washa gari. Nenda kituo cha afya cha jirani, uwaombe wakupe nyingine."

Kisha akawageukia akina mama. "Ndugu zangu, chanjo hizi siwezi kuziamini. Itabidi tungoje kwa muda wa saa tatu. Mwenye makosa atawaeleza mwenyewe."

Anitha alipita kwa kila mama, akasema, "Shikamoo, mama. Naomba unisamehe, mimi ndiye niliyefungua sanduku." Wengine waliitikia tu. Mmoja alisonya. Mama mmoja aitwaye Yasinta, mwenye mapacha, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Marahaba. Mimi nimeshuka mlima na hawa wawili, mgongoni mmoja, kifuani mmoja," alisema. "Sasa keti hapa. Shika huyu, mpaka gari lirudi."

Kwa saa tatu nzima Anitha alimbeba pacha yule, mzito na mwenye mate mengi, akamwimbia, akamfukuzia nzi, akalowanishwa gauni. Violeth alikaa upande wa pili wa baraza, amempa mgongo. Hilo lilimuuma kuliko msonyo wa mtu yeyote.

Gari lilirudi saa nane na nusu. Watoto wote walichanjwa, Filipo wa kwanza, akalia kwa nguvu zake zote. Saa kumi na moja mama aliwapakia Violeth na Filipo na Yasinta na mapacha wake garini, akawasogeza hadi mwisho wa barabara, chini ya mlima.

Violeth alishuka, akamfunga Filipo vizuri. Alianza kwenda, kisha akarudi dirishani.

"Nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Lakini ungenyamaza, mdogo wangu angechomwa ile." Alikaza fundo la kitenge. "Mwezi ujao njoo. Usilete kitu."

Akapanda njia ya mlimani bila kugeuka nyuma, na Anitha akamwangalia mpaka kitenge chake kikapotea nyuma ya miti.

Njiani mama alisema, "Chanjo ikiharibika kwa joto, mwanangu, hainuki wala haiozi ukaiona. Mama anaondoka akijua mtoto wake amekingwa, kumbe hana kinga. Mimi ningeweza kukosea leo, kwa kuwa nilikuamini. Ulichokosea ni kikubwa. Ulichofanya baadaye, mbele ya watu wote, nacho ni kikubwa. Mtu mwaminifu si yule asiyekosea. Ni yule anayesema kabla kosa lake halijamwangukia mtu mwingine."

"Utaniacha nyumbani mwezi ujao?"

Mama aliutazama uso wa binti yake, akaona kitu ambacho shughuli za mkoba zilikuwa zimemzuia kukiona tangu mwezi wa nne.

"Hapana," alisema. "Nimekuacha peke yako mno. Utakuja, utaandika uzito kwenye daftari. Na Yasinta ameshasema yule pacha ni wako."

Anitha alicheka huku akilia. Sanduku la bluu lilikuwa tena magotini mwake, tupu, na alilishika kwa mikono yote miwili hadi Kondoa.