Kadi Mfukoni mwa Garrett

Jamaa zangu wa bonde hili, nawasimulia yaliyompata Nadine Pruitt. Anayedhani hayamhusu asikilize zaidi, maana yeye ndiye ninayemsema.

Kila Jumamosi asubuhi Nadine alipiga pasi sare ya mwanawe Garrett, askari chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti yetu. Alikuwa mjane, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Akishanyoosha kola, alirudisha kwenye mfuko wa kifuani ile kadi ndogo ambayo askari humsomea mtu anapomkamata. Binti yake Callie, miaka kumi na tisa na mdomo usiotulia, alizoea kuipora kadi hiyo na kumsomea mbwa aliyeiba mkate wa mahindi.

"Una haki ya kukaa kimya. Utakalosema laweza kutumika dhidi yako mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili."

Mbwa alibweka.

"Mama, huyu kashakiri," Callie alisema. "Kaka, mfunge."

Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa, watu watatu, mbwa, na sufuria ya maharage jikoni.

Jumanne moja Callie alitoka kuchukua barua kwenye sanduku la kando ya barabara, hatua chache kutoka mlangoni. Pikapu ikamgonga na haikusimama. Nadine alisikia kishindo akiwa na mwiko mkononi. Alipofika, Callie alikuwa ameshakata roho.

Siku ya tatu sherifu alimkamata Royce Tackett, mlevi wa kule machimboni, ambaye pikapu yake haikuonekana tena tangu siku ile. Akamsomea kadi. Royce akasema, "Nataka wakili. Bila wakili sisemi," akafumba mdomo. Katiba yetu haina mzaha hapo. Mtu akishasema hivyo, maswali yanakoma mpaka wakili afike, na sherifu akakoma. Wakili wa serikali anayewatetea wasio na uwezo alikuwa njiani, mwendo wa saa tatu kwa barabara ya mlimani. Garrett, kwa kuwa ni kaka wa marehemu, alikatazwa kuikaribia kesi hiyo.

Nyumbani wanawake wa kanisa walikuwa wamejaza meza vyakula. Nadine hakugusa kitu. Alimpigia mwanawe simu.

"Yuko wapi huyo?"

"Chumba cha mahojiano, Mama. Anamngoja wakili."

"Anangoja huku anafanya nini?"

"Anakunywa kahawa."

"Dada yako yuko kwenye jokofu la hospitali, na huyo mnamnywesha kahawa. Mmemtilia na sukari?"

"Mama, kaomba wakili. Ndiyo sheria."

"Na Callie alimwomba nani? Sikiliza. Baba yako angekuwa hai, angeshaingia mle. Ukirudi hapa bila neno kutoka kinywani mwa mtu huyo, usinibishie hodi. Sitafungua."

Mnaona alivyomtia ndimu mwanawe? Lakini msimcheke. Mimi ningemwambia hayo hayo, na zaidi.

Saa ile sherifu alikuwa ametoka kwenda kumwona Dreama, mwanamke aliyeishi na Royce. Dreama alikuwa ameanza kulegea na kuahidi kuja kueleza aliyoyaona. Garrett akaingia chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo. Kamera ukutani ilikuwa inafanya kazi. Kwa dakika kumi na mbili Royce alikiona cha mtema kuni. Mwishowe, damu ikimchuruzika puani, akasema ni yeye, na pikapu ameizamisha kwenye bwawa la machimbo ya zamani.

Kabla jua halijazama walishaivuta kwa mnyororo. Kwenye taa iliyovunjika palikuwa na kipande cha sweta ya Callie. Moyo wa Nadine ukasuuzika. Alimwokea mwanawe pai ya tufaha, akamshika ile ngumi iliyovimba.

"Mkono wa baba yako kabisa huu," alisema.

Miezi miwili baadaye, mahakamani, wakili wa Royce hakuhutubia. Alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Hensley. Alionyesha picha za ile kamera, dakika zote kumi na mbili, akaketi. Nadine alizitazama bila kupepesa macho, na kila ngumi ilimpa raha.

"Mtu huyu aliomba wakili, akapewa kipigo," jaji alisema. "Maneno yake yametoka kwa ngumi, na pikapu imepatikana kwa maneno hayo. Vyote viwili sitavipokea."

Akabaki Dreama. Lakini Dreama alikuwa ameshauona uso wa Royce ulivyoumuka, na huruma ikamgeuza. "Sikuona kitu," alimwambia mwendesha mashtaka. "Mkitaka zaidi, nipigeni na mimi." Kesi ikafutwa.

Nadine alikutana na Royce kwenye ukumbi wa mahakama. Mikono ilimwasha.

"Ungeozea ndani wewe," alimwambia.

"Huenda," Royce akajibu. "Mwanao ndiye aliyenitoa."

Nadine akampa kisogo. Alirudi nyumbani akimlaani Royce, jaji, yule wakili na katiba yenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuwa akipiga pasi shati la kawaida, kwa sababu sare Garrett alishanyang'anywa. Askari wawili wa jimbo walibisha hodi. Garrett aliinuka mezani. Mkubwa wao akatoa kadi mfukoni.

"Garrett Pruitt, una haki ya kukaa kimya."

Mbwa akabweka.

"Nilimpiga kwa sababu mama alini—" Garrett alianza.

"Nyamaza, mwanangu." Nadine aliiacha pasi juu ya shati. "Usiongeze hata neno. Anataka wakili. Mmenisikia? Bila wakili hasemi."

"Lazima aseme mwenyewe, mama," askari alisema kwa upole.

"Nataka wakili," Garrett akasema.

Maswali yakakoma. Nadine aliwakodolea macho askari wale, akingoja mmoja wao ainue mkono. Hakuna aliyeinua. Yule mkubwa alimuuliza Garrett kama angependa kumaliza kahawa yake kabla hawajaondoka.

Hapo Nadine akaketi sakafuni na kulia, na shati likaungua mezani.

MAFUNZO

Garrett alifungwa miaka minne. Royce yuko huru, ananunua bia dukani kama mimi na nyinyi, na nikimwona roho yangu bado inataka damu. Sitawadanganya kwamba nimemsamehe. Lakini nawaambia wazi, haki za mshtakiwa hazikuandikwa kwa kumpenda mhalifu. Ziliandikwa kwa sababu sisi, tukiwa na uchungu, hatuaminiki. Mwache mtu unayemchukia apate wakili wake na anywe kahawa yake, ili hukumu ikimshika imshike kweli. Nadine aliona kungoja saa tatu ni kumdharau Callie, na sasa Callie hatapata haki yake kamwe. Nawe uliyekuwa ukicheka ukisema mwizi na muuaji hawana haki, kumbuka kwamba kadi ile haina jina la mtu, na siku moja itasomwa jikoni kwako.